Kibirizi Tunahesabu kwa Giza

Swali lenu la wiki lilikuwa: mtaani kwako, nani au nini kinachopanga siku za watu? Nadhani wenzangu wengi watataja adhana, kengele ya shule, foleni ya daladala au mwenyekiti wa mtaa. Sisi wa Kibirizi, hapa Kigoma mjini, tunapangiwa na mwezi. Sisemi mwezi wa kwenye kalenda ya ukutani, nasema huu wa juu.

Kwa asiyejua: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi inaingia ziwani jioni, taa zinawashwa, vijidudu vya majini vinaifuata nuru, dagaa wanavifuata vijidudu, na migebuka nao wanawafuata dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni balbu za betri, na kuna vijana mtaani wanaolisha familia kwa kazi ya kuchaji betri tu. Lakini hakuna taa inayoshindana na mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu ziwa zima lina nuru, dagaa wanatawanyika, na anayeng'ang'ania kutoka anarudi na hasara ya mafuta ya injini. Kwa hiyo kila mzunguko kuna siku kama saba hadi kumi wavuvi wanakaa nchi kavu. Hizo tunaziita mwezi. Zilizobaki ni giza. Mwezi ukishapevuka huanza kuchelewa kuchomoza, basi wenye haraka hurudi ziwani mapema, wakavua yale masaa machache ya giza la jioni kabla haujatokea.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, kwenye njia ya kuteremkia mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha na kushusha samaki, na hapo kila kitu kinanipitia mbele. Wakati wa giza, alfajiri akina mama wanashuka na mabeseni na ndoo, madalali wanapiga kelele, bodaboda zinapanda na mizigo inayochuruzika maji. Ikifika saa nne asubuhi mtaa unanyamaza, maana wanaume wamelala. Mtoto akipiga mpira ukutani anatimuliwa: "Baba'ko kalala, nenda kachezee huko!" Wakati wa mwezi mambo yanageuka. Baraza zimejaa watu wanaoshona nyavu, bao na drafti hazina nafasi, kinyozi ana foleni, kibanda cha kuonyeshea mpira kinajaa hata kwa mechi isiyo na maana. Kesi za ndoa nazo zinaongezeka. Mume aliyezoeleka kuonekana akiwa amelala sasa yuko macho mchana kutwa na anauliza sukari imeishaje.

Pesa pia inafuata mzunguko huo. Duka la jirani yangu lina daftari la madeni ambalo halina tarehe hata moja. Nimelishika mwenyewe nikitafuta jina langu. Limeandikwa jina, kilo mbili unga wa muhogo, sabuni mche, kisha pembeni: giza. Juzi nilimsikia mteja:

"Mama, niandikie, nitaleta giza."

"Giza lipi? Maana la mwezi uliopita bado nalisubiri."

"Hili linaloingia, mama. Wallahi."

Akaandikiwa, lakini safari hii mama aliongeza mstari chini ya neno lile mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Kwangu kazi inakuja hivi: vitenge vinaletwa wakati wa giza, pesa ikiwepo, na vinatakiwa viwe tayari wakati wa mwezi, kwa sababu ndipo harusi zinapofungwa. Nani atamwoza binti yake giza, wakati bwana harusi, washenga na nusu ya wajomba wako majini? Wageni wanaohamia huku, hasa watumishi, hupanga sherehe mwisho wa mwezi wa mshahara, halafu wanashangaa viti vitupu.

Sikukuu za dini ndizo zinazonifurahisha zaidi, kwa sababu nazo zinafuata mwezi, ila haziko upande mmoja. Maulidi ni tarehe 12 Mfunguo Sita kwa kalenda ya Kiislamu, mwezi unakaribia kupevuka, basi wavuvi wako nyumbani na wanafika wote, matari yanapigwa mpaka usiku mkubwa. Pasaka nayo ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo Wakristo wetu wana bahati hiyohiyo na kanisa linajaa. Idd ya kuchinja, tarehe 10 Mfunguo Tatu, haina shida kubwa. Tatizo ni Idd ya kufungua. Mwezi ukiandama leo, kesho ni Idd, na hilo ndilo giza lenyewe, dagaa wanakusanyika vizuri kwenye taa. Hapo ndipo utamwona mtu na kanzu mpya niliyomshonea mimi, ameswali, amekula pilau, na jicho lake liko ziwani. Wapo wanaopumzika usiku huo kwa heshima ya siku. Wapo ambao jioni ile kanzu inaning'inizwa msumarini na mtumbwi unasukumwa. Sitawahukumu, mwenye mtumbwi naye ana mkopo. Krismasi ina tarehe yake isiyobadilika, kwa hiyo inaangukia popote, mwaka mmoja giza, mwaka mwingine mwezi.

Kitu kimoja tu kinachoweza kuvunja ratiba hii ni mvua. Dagaa lazima wakaukie juani siku hiyohiyo. Wanamwagwa alfajiri juu ya chanja za wavu au mchangani, wanapigwa na jua, wanageuzwa, watoto wanafukuza kunguru. Ikifika mchana wamekuwa fedha tupu, wakiguswa wanalia chakarachakara. Wakilowa wakati huo wanaharibika, na mtaji wa mtu unakuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo wingu likitokea upande wa milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, atakayeliona kwanza anapiga yowe, na hapo hakuna fundi wala mwenye duka. Naacha suruali ya mtu mguu mmoja umeshonwa mwingine haujashonwa, nakimbia. Tunakusanya, tunaziba kwa maturubai, wala huulizi chanja ya nani. Hata wawili walionuniana tangu kisa cha kikoba utawaona wameshika turubai moja, huku na huku, hawaongei. Mvua ikipita unachotewa konzi mbili tatu za dagaa, unarudi kwenye cherehani yako umelowa.

Mwaka 2024 tuliupata mzunguko wa namna nyingine. Serikali ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Kwa nia yake sina ugomvi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuona migebuka wadogo mno sokoni. Lakini giza lilikuja na kupita, likaja tena, na njia ya mwaloni kimya. Mama wa dukani hakujua aandike nini daftarini. Waliokuwa na mashamba walikwenda shambani, wengine wakaingia kwenye bodaboda, akina mama wa chanja wakakaanga mihogo mpaka wauzaji wakawa wengi kuliko walaji. Nilishona sare za shule tu. Walichosahau watu wa mikopo ni kwamba ziwa likifungwa, na marejesho yalipaswa kufungwa. Yao yaliendelea kila wiki, na nguo kadhaa nilizokuwa nimeshazishona ziliningojea hapa msumarini mpaka Septemba.

Bado tuko na hao wa tarehe: ada za shule, bili ya umeme, kodi ya nyumba. Mwenye chumba changu ni mwalimu mstaafu, mtu mzuri, ila anabisha hodi kila tarehe mosi bila kukosa. Mwezi uliopita tarehe mosi ilimkuta mbalamwezi inawaka barazani, sina hata mteja. Nikamwomba anisubiri, baba, giza liingie.

"Fundi," akasema, "pensheni yangu mimi haivui dagaa."

Nikamlipa nusu.