Duka la bei chee limefunguliwa jirani, nifunge langu?

Dada yangu wa Mwanga, Kigoma, usifunge. Kwa sukari na mchele hilo duka jipya hutaliweza, usishindane nalo. Maduka ya namna hiyo, kama Aldi ya Ujerumani, hushusha bei kwa kuweka aina chache za bidhaa, tena zikiwa bado kwenye maboksi, na wahudumu wachache. Lakini nani kule atampimia bibi mawese ya shilingi 500, au kumwandika mwalimu daftarini hadi mshahara utoke? Mtaa usio na duka dogo kama lako unaumia, nakwambia kweli. Ongeza mawese na dagaa wa mwalo wa Kibirizi. Mikopo iwekee kikomo leo hii, maana wanaolipa taslimu ndio watakaohama kwanza, wewe ubaki na wadaiwa.