VPN ya bure kwenye simu: angalia kwanza mmiliki wake ni nani

Mkuu umesema unataka VPN ya bure (apu inayopitisha intaneti yako kwanza kwenye seva, yaani kompyuta, za kampuni nyingine) ili mwenye wifi ya hosteli asione unafungua nini, sawa, ila jua VPN haiondoi macho inayahamisha tu, tovuti alizokuwa anaziona mwenye wifi sasa anaziona mwenye VPN, kwa hiyo swali ni unamwamini nani. Onavo, VPN ya Facebook, ilijitangaza inalinda data zako kumbe inakusanya apu gani unatumia, mpaka ikafungwa 2019. Hola, VPN nyingine, nayo 2015 ikajulikana inauza intaneti ya watumiaji wake wa bure kwa watu wengine. Ndo maana usidake tu ya kwanza unayoiona Play Store tafadhali.

Kama hela hakuna kabisa chukua Proton VPN ya Uswisi, ya bure haina kikomo cha data na msimbo wake (code ya apu) uko wazi watu wanaukagua, seva huchagui mwenyewe, apu inakuchagulia, lakini inatosha. Ukipata yuro 5 kwa mwezi nenda Mullvad ya Uswidi, hawaombi hata imeili, unapewa namba ya akaunti tu, na Aprili 2023 polisi walienda ofisini kwao na hati ya upekuzi wakatoka mikono mitupu maana taarifa za wateja walizozitaka hazikuwepo.

Kama uko Bongo soma pia tangazo la TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) la Oktoba 2023, lilitaka wanaotumia VPN watoe taarifa kwao. Halafu ukishalogin Gmail, Google anakujua vilevile hata VPN ikiwa imewashwa.