Mkono Uliovuka Sinia

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kwamba mtoto wa mgeni akikosa adabu nyumbani kwako umkanye mwenyewe au umwachie mzazi wake, limenigusa pabaya, kwa sababu linamtanguliza mtoto ilhali ugomvi, kwa niliyoyashuhudia, huwa ni wa wakubwa.

Kwetu Unguja sikukuu ni siku nne, na siku hizo watoto hupanda na kushuka ngazi za majumba ya Michenzani wakifuata mkono wa Idi. Hapo ndipo malezi ya kila nyumba huonekana: nani anapiga hodi akangoja, nani anavua viatu mlangoni, nani anamwamkia kila mkubwa aliyeketi, na nani anaipokea noti huku akiichungulia ni ya shilingi ngapi.

Idi pili ya mwaka mmoja alitujia jamaa yetu wa kike na mwanawe, mvulana wa umri wa darasa la pili hivi. Biriani ilipakuliwa kwenye masinia mawili, la wakubwa na la watoto, na bibi, ambaye meno yake yalikuwa hayamruhusu tena kushindana na wakubwa, akaketi na watoto kama kawaida yake. Mvulana alinawa vizuri, akasema bismillahi vizuri, kisha mkono wake ukaanza safari: ukaingia kwa binamu wa kulia ukachukua mnofu, ukavuka hadi upande wa pili kulikokuwa na mbatata. Bibi akaudaka, bila ya kuupiga, akaurudisha na kusema, "Kula mbele yako, baba." Halafu akachambua nyama ya upande wake mwenyewe akamsogezea. Mtoto akacheka, akaendelea kula. Aliyeacha kula ni mama yake. Akanawa, akavaa buibui lake, akasema wamechelewa kwenda kwa ami yake mtoto, na halua ikabaki haijafunguliwa. Baadaye maneno yalitufikia kwa mdomo wa shangazi: mwanawe ametiwa aibu mbele za watu. Sikukuu iliyofuata hawakuja.

Miaka yote nimesimama upande wa bibi, na hoja yangu ilikuwa ile hadithi tuliyofunzwa chuoni, ya Umar bin Abi Salama, ambaye alipokuwa mdogo mkono wake ulikuwa ukizunguka sahanini, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Lakini ninapoiandika sasa nakumbuka kwamba Umar alikuwa mwana wa Ummu Salama, mkewe Mtume, na alikuwa akilelewa katika nyumba hiyo hiyo. Aliyemwelekeza ndiye aliyekuwa mlezi wake. Sina hakika tena kama hadithi hiyo inanipa ruhusa juu ya mtoto wa mwenzangu.

Tena nyumba nyingi za mjini siku hizi kila mtu hupakuliwa sahani yake akala wakati wake, aghalabu mbele ya televisheni. Kwa mtoto aliyelelewa hivyo sahani nzima ni yake, na mpaka wa sinia hajapata kuuona, utamwitaje mfidhuli? Ijumaa chache za kula pamoja kwao, kabla ya kutolewa ugenini, zingemtosha.

Basi jibu langu, ingawa silo nililolikusudia nilipokaa kuandika, ni kumwachia mzazi, kwa sharti kwamba mzazi huyo awe anatazama, maana wako ambao wakishaketi tu ugenini hutoa simu na mtoto akawa wa mwenye nyumba. Akiwa anatazama na amenyamaza, nitamwita pembeni. Mtoto akisogelea jiko lenye moto, au akimjibu mzee jeuri, hapo sitamngoja mtu. Wala sisemi kwamba bibi alikosea. Kwa umri wake, na kwa ile nyama aliyoitoa upande wake, naona yule mama angebaki tu akala halua.