Theluji Ni Nyeupe, Ila Kamera Haijui

Picha ya theluji ikitoka na rangi ya majivu, na uso wa mtu ukawa mweusi hata macho hayaonekani, usiilaumu lenzi. Kipima mwanga cha kamera hukisia kwamba chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Kikikutana na uwanja mweupe kinaona mwanga umezidi, kinaupunguza. Hapo ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi.

Dawa ni kuongeza mwanga mwenyewe, kwa kitufe chenye alama ya +/−. Mawingu yakitanda, anza na +1. Jua likiwaka na theluji ikijaza picha, panda hadi +1.7 au +2. Kwenye simu za iPhone, gusa uso, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha buruta kialama cha jua kwenda juu. Angalia histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha (giza kushoto, weupe kulia): mlima wake usogee kulia bila kugonga ukingo. Ukigonga, chembe za theluji zinapotea na kubaki weupe mtupu, na hakuna programu ya kuzirudisha.

Mtu mweusi usimpige picha jua likiwa mgongoni kwake. Mgeuze limpate ubavuni, umsogelee mpaka uso uchukue kama theluthi ya picha. Theluji iliyo miguuni itarudisha mwanga hadi chini ya kidevu na ndani ya macho, bure kabisa. Ukilazimika kuchagua, acha theluji ya nyuma iungue kwa mwanga, okoa uso.

Vivuli vitatoka vya buluu kwa sababu vinamulikwa na anga, si jua. Punguza kidogo tu. Ukiuondoa ubuluu wote, baridi nayo inatoka kwenye picha.

Theluji inayoanguka haionekani mbele ya anga jeupe. Tafuta misonobari au ukuta wa giza. Kasi ya shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inazigandisha chembe hewani, 1/60 inazivuta kuwa michirizi. Flashi izime, maana itamulika chembe za karibu na kukujazia madoa meupe.

Betri hulegea kwenye baridi kwa kuwa kemia yake inapunguza kasi. Ndiyo maana simu nyingi huzimika alfajiri kileleni Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, mwenyewe akiwa ndiyo kwanza amefika. Weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Hata iliyozimika, ikipata joto mara nyingi huamka. Lenzi usiipulizie kwa mdomo, pumzi itaganda juu yake. Tumia brashi laini.

Hatari kubwa iko mlangoni, unaporudi ndani. Hewa ya joto ikigusa kamera baridi inaacha maji, hata ndani ya lenzi. Ukiwa bado nje, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iache humo saa moja au mbili. Kadi ya picha itoe kabla ya kufunga, la sivyo utashawishika kuufungua mapema.