Kidole Kimekatwa na Hakisikii: Neva Huotaje, na Ufanye Nini

Msimu wa korosho Mtwara na Lindi huja na mikono iliyokatwa kwa panga la kusafishia shamba au kisu cha kubangulia. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono, usifunge kamba. Kisha, kabla ya sindano ya ganzi, pima hisia: majeruhi afumbe macho, umguse kwa pamba ncha ya kidole upande huu na ule, maana kila upande una neva yake, yaani mshipa wa fahamu. Ganzi ikishachomwa, kipimo hicho hakifai tena. Upande mmoja usiposikia, mwambie daktari, uulize kama yupo wa kuunganisha neva, la sivyo omba rufaa. Kushona ngozi peke yake hakutoshi. Siku chache za mwanzo ndizo bora, kwani baadaye ncha hurudi nyuma na kushikwa na kovu.

Uzi wa neva uliotengwa na seli yake hufa. Seli za Schwann zilizouzunguka hubaki, husafisha mabaki, hujipanga mstari na kutoa protini za kukuza neva. Mojawapo ni ile iliyowapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobel mwaka 1986. Upande ulio hai huchipua ncha pana inayopapasa njia kwa vipokezi vyake. Protini ya kuvuta ikigusa upande mmoja, kiunzi cha ndani hujengeka upande huo na ncha hupindia huko. Ya kufukuza, kama semaforini, hukibomoa, ncha ikageuka. Netrini, inayoongoza neva za mtoto tumboni, huvuta au hufukuza kutegemea kipokezi ilichokutana nacho.

Protini hizi hazifiki mbali. Pengo likiwa kubwa, nyuzi hupotea, hujiviringisha na kufanya uvimbe unaopiga shoti ukiguswa. Kwa hiyo ncha zikutanishwe bila kuvutwa, na mkono utulizwe kwa gango kwa muda ambao daktari atasema.

Baada ya wiki chache za mwanzo, neva huota kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni sentimita 18 hivi, yaani miezi sita na zaidi. Gongagonga juu ya njia yake: panapochomachoma ndipo ilipofika. Weka alama, upime kila mwezi. Isiposogea miezi mitatu, rudi hospitali, kwa kuwa msuli uliokosa neva kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu huwa mgumu kuokoa.

Wakati huo kidole hakisikii sufuria ya moto wala mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza ngozi. Vaa glavu, kikague kila jioni. Acha sigara, mwenye kisukari adhibiti sukari. Hakuna dawa ya kupaka inayounganisha neva.

Hisia zikirudi, mguso mwepesi unaweza kuuma. Hapo kizoeze kidole dakika chache, mara kadhaa kwa siku: kwanza pamba, kisha kitambaa, kisha mchele, mwisho mchanga mkavu.