Maua ya nyanya yanapukutika, na maswali mengine ya msimu wa joto

*Shikamoo bibi shamba. Nyanya zangu hapa Kayenze, Mwanza, zimechanua vizuri, ila maua yanapukutika bila kushika tunda. Jirani anasema ni ugonjwa, nipige dawa. Mimi nalima kilimo hai, bila dawa wala mbolea za viwandani.*

Marahaba mwanangu. Usipige kitu. Kama majani ni mabichi na mashina mazima, hilo ni joto. Mchana ukivuka nyuzi 32 hivi, na usiku usipoe, chavua ya nyanya, ule unga wa ua unaotungisha tunda, inaharibika, ua linabaki tasa na mmea unaliachia. Hakuna chupa ya dukani inayorudisha chavua. Poza udongo: tandaza nyasi kavu au maganda ya mpunga, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Mwagilia alfajiri. Na matuta mengine yape mchicha wakati huu wa kungoja vuli. Mchicha hauogopi jua, na wiki ya nne unauza. Inaniuma kuona mtu amekomaa na nyanya kwa sababu ya bei ya mwaka jana, huku nyumbani hakuna hela ya chumvi.

*Mama, nina robo ekari Buhongwa, cheti sina. Nitaishi kwa mboga za kilimo hai?*

Kwa robo ekari peke yake ni vigumu, sikufichi. Ila itakuchangia vizuri ukiacha kutegemea gulio, maana pale fungu lako litapangwa na mafungu mengine na hakuna atakayeuliza umelimaje. Tafuta nyumba kumi. Waite waje waone mboji yako na mwarobaini unaoutwanga. Anayelijua shamba ndiye anayeongeza mia mbili. Cheti kitafuata: Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu 2007, chenye alama ya Kilimohai, na wakulima wadogo wanaweza kupata cheti hicho kwa kikundi, wakikaguana wenyewe, kwa gharama ndogo.

*Magugu maji yanafaa kwa mboji?*

Yanafaa sana, changanya na samadi. Usiyachukue pale mto Mirongo unapoingia Ziwa Victoria. Maji ya mjini yana uchafu ambao gugu linaunyonya. Na bustani yenyewe ikae angalau mita 60 kutoka ufukweni, ndivyo sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka.

*Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi, Nyegezi. Naandika hadithi ya joto kali Mwanza, miaka 50 ijayo. Riwaya ya Kim Stanley Robinson ya 2020 inaanza na watu India wanaingia ziwani kujipoza na kufia humo. Nianze hivyo?*

Marahaba. Hapana, mwanangu. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikijaa mvuke halikauki, na hapo ndipo watu hufa. Kwetu si rahisi kufika huko: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana upepo wa ziwa unatujia. Joto letu liandike kwenye mawe: nyumba za bati zilizobanana mlimani, miamba iliyokunywa jua kutwa na bado ina moto saa nne usiku, mama anamtoa mtoto nje alale. Tena andika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Bibi zetu Wasukuma wameanika viazi miaka yote. Kwao jua ni mwenzao wa kazi, ndilo linalowavusha kiangazi. Sasa mweke bibi mmoja pale mwambani, jua ni kali kuliko lote alilowahi kuliona, na ungo wake ni mtupu kwa sababu marando yaliungua kabla viazi havijajaa. Anamwambia nini mjukuu wake? Ukishaandika ukurasa huo, niletee niusome.