Chupa ya Pili na Chupa ya Nne

Mgonjwa akifika kazualti hali yake ni mbaya, jamaa zake huuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Ameshatiwa maji?" Siwalaumu. Mombasa mfereji ukikauka wiki nzima, mtu wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20 huwa ndiye mfalme wa mtaa. Chupa ikitundikwa juu ya kitanda, roho hutulia hata kabla tone la kwanza halijashuka. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi roho yangu pia ilikuwa ikitulia hivyo hivyo.

Kisha akaja bi mkubwa mmoja wa Likoni. Aliletwa kwa tuktuk asubuhi, ile saa ambayo feri hujaa watu wanaokimbilia kazini kisiwani, kwa hivyo walipoteza muda mwingi kwenye foleni. Alikuwa na sukari ya miaka mingi. Mkojo ulikuwa ukimchoma kwa siku nne, akanunuliwa vidonge dukani. Asubuhi hiyo akaanza kumwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe, ndipo kijana akashtuka. Presha ilikuwa chini mno, 74 kwa 38. Nilibonya ncha ya kidole chake nikaachilia, weupe ukakaa mpaka nikahesabu sita. Kwa mtu mzima mwenye afya, wekundu hurudi kabla ya sekunde tatu.

Hiyo ni sepsisi iliyofika kwenye mshtuko. Mwili unapopigana na maambukizi hujiumiza wenyewe: mishipa hulegea, presha huanguka, figo na ubongo hukosa damu, na hapo ndipo sisi husema mshtuko. Maji ya dripu huijaza mishipa iliyolegea ili moyo upate cha kusukuma. Tatizo ni kwamba kuta za mishipa hiyo zimeanza kuvuja. Baada ya muda si mrefu, sehemu kubwa ya maji uliyotia iko nje ya mishipa: kwenye mapafu, tumboni, miguuni, hata ndani ya figo zile zile ulizotaka kuziokoa.

Tulitoa damu ya kupima, tukampa antibiotiki, tukafungua chupa mbili za nusu lita zikashuka mbio. Presha ikapanda hadi 92. Akafumbua macho akauliza leso yake iko wapi. Kwa hakika maji yalifanya kazi, na sitaki mtu asome makala hii akatoka akisema maji ni mabaya.

Lakini presha ikateremka tena. Mwanawe akanijia: "Sista, chupa imekwisha, mwangoja nini? Mtilieni nyengine, mwaona midomo ilivyomkauka." Wodi ilikuwa imejaa, nami nikaona rahisi kutundika kuliko kueleza. Nikatundika ya tatu, kisha ya nne. Niliporudi alikuwa ameketi wima ameshika kingo za kitanda, anapumua mara 40 kwa dakika, na oksijeni imeshuka kutoka 95 hadi 83. Nikaweka stethoskopu mgongoni, nikasikia mapafu yakitatarika kama karai ya bajia mafuta yanapoanza kushika moto.

Daktari alifunga dripu, akaagiza oksijeni na kichwa kiinuliwe, akaanza noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, kwa matone ya kuhesabiwa. Presha ikasimama bila chupa nyingine.

Kilichonisumbua usiku ule ni kwamba kwa hesabu ya vitabu sikuwa nimekosea sana. Mwongozo wa kimataifa husema mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za kwanza, yaani mililita 1,800 kwa mtu wa kilo 60. Mimi nilitia lita mbili. (Mwongozo wenyewe, ulipopitiwa upya mwaka 2021, ulilegeza kauli hiyo kutoka agizo hadi pendekezo.) Kosa langu ni kwamba kati ya chupa ya pili na ya nne sikumgusa. Sikubonya kidole, sikusikiliza mapafu, sikutazama mfuko wa mkojo.

Na sisi wa Pwani hatuna kisingizio. Utafiti mkubwa kuhusu jambo hili ulikuwa na kituo chake Kilifi, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Ulihusu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na dalili za mshtuko, na matokeo yakatoka mwaka 2011. Waliotiwa maji ya chumvi kwa haraka, asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa maji ya haraka, asilimia 7.3. Zambia nao, mwaka 2017, walichapisha matokeo ya watu wazima, wengi wao wakiishi na virusi vya ukimwi: waliopewa maji mengi kwa utaratibu maalumu walifariki asilimia 48, wenzao waliotibiwa kwa njia ya kawaida asilimia 33. Ulaya na Marekani, kwenye mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha, maji machache na maji mengi yalitoka sare. Mimi nafanya kazi mahali panapofanana zaidi na Lusaka.

Watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye utafiti ule wa Kilifi. Mwenye kipindupindu amepoteza maji kwelikweli, na huyo usimcheleweshee chupa hata dakika moja.

Siku hizi kwa mgonjwa wa sepsisi natia mililita 250 au 500, kisha narudi kitandani kwa mikono yangu. Wakati mwingine nainua miguu yake kwanza: damu ya miguuni hurudi kwenye moyo, na ndani ya dakika moja unaona kama presha inajali au haijali. Ni chupa unayoweza kuirudisha. Kama haijali, naita daktari kuhusu noradrenalini mapema, sisubiri mapafu yalie.

Nawe uliyekaa na mgonjwa, tuambie bila kuulizwa kama ana moyo mkubwa, figo mbovu au mimba. Ukiona pumzi imekwenda mbio baada ya chupa, tuite, hata kama uso wetu umekunjamana. Na badala ya kuuliza chupa ya ngapi, uliza antibiotiki imeingia saa ngapi. Kwenye mshtuko, saa ya kwanza ni yake.

Bi mkubwa alirudi Likoni baada ya siku kumi na moja. Nilikutana naye Marikiti akichagua maembe, akanishika mkono akawaambia waliokuwa karibu: "Huyu mwanangu ndiye alonipa maji yakaniponya, chupa nne!" Nikampokea kikapu, nikanyamaza.